Kitabu chako cha Kiingereza kiliandikwa kwa ajili ya nani?

Chukua sentensi moja yenye kasoro: "He suggested me to wait." Aliyeiandika alitaka kusema "alinishauri nisubiri", na kwa sikio lililokulia kwenye Kiswahili haina ubaya wowote. Yupo aliyeshauri, yupo aliyeshauriwa, na jambo lenyewe lipo. Tena mwandishi ameshakutana mara nyingi na "He told me to wait", "He asked me to wait", "He advised me to wait". Kwa nini basi "suggest" ijitenge na wenzake? Anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini hajui ni nini. Sasa afungue kitabu gani?

Hapo ndipo wengi hupotea. Vitabu vyote vinavyomkabili vina neno "grammar" au "usage" kwenye jalada, kwa hiyo vinaonekana ndugu. Undugu wao ni wa mbali sana. Kimoja kiliandikwa kwa Mwingereza anayeogopa kuchekwa akiandika barua, kingine kwa mwanaisimu, kingine kwa mwanafunzi asiyezaliwa na lugha hii, kingine kwa mwalimu wake. Ukikiuliza kitabu swali lisilo lake kitanyamaza, au kitakujibu kwa kirefu jambo ambalo hukuuliza, nawe utajiona mjinga bure.

Rafiki yangu, rafiki mzuri

Mwaka 1926 H. W. Fowler alitoa A Dictionary of Modern English Usage, kitabu ambacho kwa miaka mingi kilitajwa Uingereza kama hakimu wa mwisho. Kina akili nyingi na utani mkali, na ukikinunua kwa kudhani kitakufundisha Kiingereza umebisha hodi nyumba siyo. Fowler mwenyewe hakuficha. Katika barua ya mwaka 1911, kazi ikiwa bado ni wazo, alimweleza mchapishaji wake kwamba hawalengi mgeni. Wanamlenga Mwingereza aliyesoma nusunusu, mwenye hamu ya uandishi, anayetaka kujua kama anaruhusiwa kusema hivi au vile.

Tofauti ya watu hao wawili utaiona haraka ukigeukia lugha yako. Sisi tunaoongea Kiswahili tangu utoto tunabishana: ni "masaa matatu" au "saa tatu"? "Marafiki wangu" au "rafiki zangu"? Hayo ndiyo maswali yetu, na kila mmoja ana msimamo wake na mwalimu wa zamani wa kumtolea ushahidi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hana habari na ugomvi huo. Yeye anauliza kwa nini tunasema "rafiki yangu" halafu "rafiki mzuri", kwa nini neno lilelile lichukue upatanisho wa namna mbili katika pumzi moja: "rafiki yangu mzuri amefika". Wengi wetu hatukuwahi hata kuliona hilo. Tunalisema sawasawa siku zote, kwa hiyo halijawahi kuwa swali.

Kwa Kiingereza ni vilevile. Wenye lugha hugombana kuhusu "who" na "whom", kuhusu kumalizia sentensi kwa kihusishi (neno kama "with" au "of"), kuhusu kupachika kielezi kati ya "to" na kitenzi kama katika "to really understand". Hakuna Mwingereza anayekwama katikati ya sentensi akijiuliza aseme "I bought a book" au "I bought the book". Kitabu chake cha matumizi hakina sababu ya kumfundisha jinsi ya kuchagua, ilhali kwa anayetoka kwenye lugha isiyo na "a" wala "the" jambo hilo linaweza kumsumbua maisha yake yote.

Kumfikiria mgeni si jambo jipya, lakini. Ben Jonson, yule mshairi na mwandishi wa tamthilia, aliacha sarufi ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1640, miaka mitatu baada ya kifo chake, na ukurasa wake wa kichwa unasema imetungwa kwa manufaa ya wageni wote. Mwaka 1653 mwanahisabati John Wallis alitoa sarufi yake kwa Kilatini, lugha ambayo wasomi wa nchi nyingine wangeweza kuisoma. Halafu mwaka 1672 mshairi John Dryden akamlaumu Jonson, aliyekuwa kaburini, kwa kosa la kumalizia sentensi kwa kihusishi. Nimelipenda tukio hilo kwa sababu linaonyesha upepo ulivyogeuka. Katika karne iliyofuata, Robert Lowth mwaka 1762 na Lindley Murray mwaka 1795 waliandika sarufi zilizowafundisha wenye lugha jinsi ya kuonekana wamesoma, na kwa muda mrefu neno "grammar" likabaki na harufu hiyo ya kukosoana. Mabaki yake bado yapo: mwanafunzi anayehangaika na wakati wa kitenzi anakemewa kwa kumalizia swali na "with", kosa ambalo si kosa.

Kamusi iliyotoka Tokyo

Mapinduzi ya vitabu vya wageni yalianzia mbali na London. Mwaka 1922 Harold Palmer alikwenda Japani kushauri kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji huo chini ya uongozi wake. Mwaka 1924 alifika Mwingereza mwingine, A. S. Hornby, aliyeajiriwa kufundisha fasihi, akagundua kwamba wanafunzi wake hawakuwa na shida na fasihi; shida yao ilikuwa lugha yenyewe. Akaingia katika kazi ya Palmer. Palmer alipoondoka Japani mwaka 1936, Hornby pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield waliendelea kutunga kamusi ya namna ambayo haikuwa kawaida wakati huo. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942 na kampuni ya Kaitakusha, katikati ya vita, wakati Japani na Uingereza ni maadui na Hornby mwenyewe anarudishwa kwao. Oxford waliitoa tena mwaka 1948, na hiyo ndiyo mama wa kamusi inayojulikana leo kama Oxford Advanced Learner's Dictionary.

Upya wake ulikuwa wapi? Kamusi ya wenye lugha hukwambia "suggest" maana yake nini, basi. Mwenye lugha anajua tayari neno hilo linavyokaa ndani ya sentensi. Palmer na Hornby waliona kwamba mgeni akishaijua maana ndipo matatizo yake yanapoanza. Kitenzi gani hufuatwa na "to", kipi hufuatwa na "-ing", kipi hupokea mtu kisha "to", kipi hudai "that"? Hornby alivipanga vitenzi katika ruwaza, yaani mipangilio ya maneno yanayokifuata kitenzi, na katika kitabu chake cha mwaka 1954 zilifika 25. "Tell", "ask" na "advise" vinakaa kwenye ruwaza ya mtu na "to". "Suggest" haimo. Hufuatwa na "that" au na "-ing", na hakuna mantiki ya ndani zaidi ya kuitafuta: ni tabia ya neno, kama watu walivyo na tabia.

Kamusi hiyo pia ilitenganisha nomino zinazohesabika na zisizohesabika kwa alama. Ukiona herufi U pembeni ya "advice", "information" au "furniture" unajua hakuna "advices", "informations" wala "furnitures". Alama moja ya herufi moja, na inazuia makosa mengi kuliko sura nzima ya nadharia. Naamini watu wengi wanaonunua kitabu cha pili na cha tatu cha sarufi hawajawahi kusoma ukurasa unaoeleza alama za kamusi waliyonayo.

Sambamba na hilo kulikuwa na swali la maneno ya kufafanulia. Kamusi inayokueleza neno gumu kwa maneno magumu zaidi haijakusaidia. Michael West na mwenzake J. G. Endicott walitoa mwaka 1935 kamusi ambayo maelezo yake yote yaliandikwa kwa maneno 1,490 tu. Mwaka 1978 Longman Dictionary of Contemporary English ilitumia njia hiyo kwa kamusi kubwa zaidi, ikijifunga kwa takriban maneno 2,000 ya kufafanulia. Leo kamusi hizi za wanafunzi zinapatikana bure kwenye intaneti, na kwa sentensi yetu ya "suggested me to wait" ndizo za kufunguliwa kwanza. Jibu liko hapo kwa mistari michache: ruwaza, mifano, na katika baadhi yao onyo la wazi kwamba usiseme hivyo.

Nasisitiza hili kwa sababu linakwenda kinyume na mazoea. Mtu akikosea sentensi hukimbilia kitabu cha sarufi, wakati sehemu kubwa ya makosa ya aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo ni makosa ya neno mojamoja: "discuss about", "explain me", "listen music", "depend of". Hakuna sheria inayoyaunganisha. Kitabu cha sarufi kinashughulikia yale yanayofanana, na hayo hayafanani.

Kurasa mbilimbili, na alfabeti

Vitabu vya sarufi vyenyewe, vile vilivyoandikwa kwa wageni, vina sura mbili kubwa. Cha kwanza ni kitabu cha mazoezi ya kujisomea, na mfano wake mkuu ni English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotoka Cambridge mwaka 1985. Wazo lake ni jepesi hadi unashangaa: kila somo lina kurasa mbili zinazotazamana, kushoto maelezo, kulia mazoezi, na nyuma majibu. Kwa wanaotaka Kiingereza cha Marekani, Betty Azar alikuwa ameshatoa Understanding and Using English Grammar mwaka 1981, nacho kina wafuasi wake waaminifu.

Kosa la kawaida kwa kitabu cha Murphy ni kukianza somo la kwanza na kuapa kukimaliza. Mwandishi hakukusudia hivyo. Matoleo yake mengi yana sehemu ya maswali mwishoni ya kukusaidia kujua masomo gani unayahitaji, na watu huiruka kama wanavyoruka dibaji. Udhaifu wake mwingine hauna tiba ndani ya kitabu: ukurasa ukiwa umekufundisha tofauti ya "I did" na "I have done", nafasi zote za kujaza upande wa kulia zinataka moja ya hayo mawili. Unapata kumi kwa kumi. Kesho yake unaandika barua, hakuna kichwa cha somo juu ya karatasi kinachokwambia ni jambo gani linapimwa, na yote yanayeyuka. Ndiyo maana mazoezi yanayochanganya masomo, ambayo huwekwa nyuma ya kitabu na kuonekana kama nyongeza, yana thamani kuliko yanavyoonekana.

Sura ya pili ni kitabu cha marejeo, cha kufungua ukiwa na swali. A Practical English Grammar cha A. J. Thomson na A. V. Martinet cha mwaka 1960 kilipangwa kwa mada: nomino, vivumishi, vitenzi na kuendelea. Michael Swan aliingia njia nyingine mwaka 1980 na Practical English Usage: hakuanza na mfumo wa lugha, alianza na yale yanayowatatiza wanafunzi, akayapanga kwa alfabeti, kila tatizo na makala yake fupi, na makosa ya kawaida yakaonyeshwa wazi kuwa ni makosa. Hapo utaikuta "suggest" ikijitegemea, pamoja na lile onyo.

Alfabeti ina mtego wake. Unaweza kutafuta "since" kwa sababu neno unaliona. Lakini aliyeandika "The man which I saw him" atafute nini? Ili uipate sehemu inayohusu kosa lako, lazima ujue jina la kosa lako, na aliyejua jina hilo pengine asingekosea. Toleo la nne la Swan, la mwaka 2016, liliupunguza mtego huo kwa kuipanga sarufi upya kwa mada na kuyaacha matatizo ya maneno katika alfabeti. Hata hivyo, kiungo muhimu cha kitabu chochote cha aina hii ni faharasa yake. Kabla hujanunua, beba maswali matatu uliyokwama nayo kweli, jaribu kuyafikia kupitia faharasa kwa maneno yako mwenyewe. Kitabu kinachokushinda mara tatu kitakushinda na ya nne.

Kuna pia vile vya makosa ya kawaida, kama Common Mistakes in English cha T. J. Fitikides cha mwaka 1936. Vinapendwa kwa sababu ni vifupi na vinaamua bila kusita. Mimi navitumia kwa tahadhari: hukwambia kipi ni kosa na kipi sahihi, mara nyingi bila nafasi ya kukueleza kwamba kile "kosa" kinaweza kuwa sahihi kabisa mahali pengine.

Uongo wenye manufaa

Juu kabisa ya hivi vyote viko vitabu vizito. A Comprehensive Grammar of the English Language cha Randolph Quirk, Sidney Greenbaum, Geoffrey Leech na Jan Svartvik, cha mwaka 1985, kina kurasa 1,779. The Cambridge Grammar of the English Language cha Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, cha mwaka 2002, kinazidi 1,800. Hivi havimkosoi mtu. Vinaeleza lugha ilivyo, na ni kwenye visima hivi ambako waandishi wa vitabu vya wanafunzi huja kuchota.

Mwanafunzi akivifungua hushtuka, kwa sababu vinakana mambo aliyofundishwa. Vyote viwili vinasema Kiingereza hakina njeo (umbo la kitenzi linaloonyesha wakati) ya wakati ujao: kina njeo ya wakati uliopo na ya wakati uliopita tu, na "will" ni kitenzi kisaidizi cha jamii moja na "can" na "must". Huddleston na Pullum wanaiita "before" kihusishi hata ikifuatwa na sentensi nzima, kama katika "before he came", mahali ambapo kamusi nyingi zinaandika kiunganishi. Je, kitabu cha darasani kilidanganya?

Kilirahisisha, na kurahisisha ni kazi yake. Swan aliwahi kulichambua jambo hili katika makala ya mwaka 1994, akitaja vigezo sita vya sheria nzuri ya kumfundishia mtu lugha: iwe ya kweli, ionyeshe mipaka yake, ieleweke, iwe nyepesi, itumie dhana ambazo mwanafunzi anazo tayari, na ijibu tatizo alilonalo mwanafunzi huyu hasa. Uzuri wa orodha hiyo ni kwamba vigezo vyake vinavutana. Sheria ya kweli kabisa ni ndefu mno kukumbukwa, na iliyo fupi ina mahali inapovuja.

Mfano ni "some" na "any". Tunafundishwa "some" kwa kukubali, "any" kwa kukana na kuuliza. Ni nyepesi, na inakuvusha salama siku nyingi. Kisha unasikia "Would you like some water?", ambalo ni swali, na "Any child can do it", ambayo haikani wala haiulizi. Sheria haikuvunjika hapo. Ilikuwa inagusa tu juujuu jambo lenyewe. Anayeuliza kwa "some" anatarajia ndiyo, au kwa adabu anaonyesha anaitarajia. "Any" haichagui, ni yeyote au chochote kile. Kitabu cha hatua ya kwanza kinaruhusiwa kusema sheria nyepesi. Cha hatua ya tatu kikiendelea kuisema hivyohivyo, kimekuibia.

Kwa hiyo vitabu viwili vikipingana, usikimbilie kuuliza kipi ni sahihi. Angalia kwanza kila kimoja kiliandikwa kwa mtu wa hatua gani. Mara nyingi ugomvi unaishia hapo.

Suala jingine ni mifano inatoka wapi. Zamani mwandishi aliitunga kichwani. Mwaka 1959 Quirk alianzisha mradi wa kukusanya Kiingereza kinavyotumika kweli, cha kusemwa na cha kuandikwa, na katika miaka ya 1980 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham, wakishirikiana na wachapishaji wa Collins, walijenga kamusi nzima juu ya hazina ya matini halisi ndani ya kompyuta, hazina ambayo wanaisimu huiita kopasi. Kamusi hiyo ya COBUILD ilitoka mwaka 1987, na sarufi yake mwaka 1990. Maelezo yake ni sentensi kamili zinazoanza kwa mtindo wa "If you...", ili hata ufafanuzi wenyewe ukuonyeshe neno likifanya kazi. Mwaka 1999 Douglas Biber na wenzake walitoa sarufi iliyosimama juu ya kopasi ya maneno milioni 40, wakilinganisha mazungumzo, hadithi, magazeti na maandishi ya kitaaluma, na ikaonekana wazi jinsi kanuni zinavyobadilika uzito kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.

Mfano halisi una heshima yake, lakini pia huja na mizigo: majina ya watu usiowajua, habari iliyokatwa katikati, maneno matatu magumu kwa ajili ya kukuonyesha moja jepesi. Kwa anayeanza, bado napendelea mfano uliotungwa na mtu anayejua anachofanya.

Kitabu cha wote hakijui Kiswahili

Vitabu vingi nilivyotaja vinauzwa kwa msomaji wa lugha yoyote. Hiyo ni nguvu yake na pia upofu wake, kwa sababu hakiwezi kujua unakotoka. Kitakupa kurasa nyingi kwa tatizo ambalo huna, na kitapita kimya juu ya shimo ambalo msemaji wa Kiswahili hutumbukia.

Shimo la kwanza ni "-me-". Kitabu kinaeleza kwamba "have" na kitenzi timilifu huunganisha jambo lililopita na sasa. Msomaji anatikisa kichwa: hiyo ni "-me-" yetu, nimeelewa. Nimefika, "I have arrived". Nimemaliza, "I have finished". Kisha anamwona mtu na kuandika "He has worn a red shirt", kwa sababu amevaa shati jekundu. Kiingereza kinataka "He is wearing". Amelala ni "He is asleep", amesimama ni "He is standing", ameshika ni "He is holding", amechoka ni "He is tired". "-me-" yetu hubeba pia hali inayoendelea baada ya tendo, na Kiingereza huigawa hali hiyo kwa njia nyingine. Kibaya zaidi, "He has worn a red shirt" haina kosa la kisarufi. Ina maana nyingine, na hakuna programu ya kusahihisha itakayopiga kelele.

La pili ni "-nge-". "Ningekuwa na muda ningesoma": tunaiweka pande zote mbili, na ndiyo usawa unaopendeza. Ikihamishwa inazaa "If I would have time, I would read". Kiingereza cha kawaida hakiweki "would" upande wa "if" hapo. Kinasema "If I had time". Hili vitabu vya wote hulitaja, kwa kuwa wasemaji wa lugha nyingine pia hukosea hivyo, ila havikwambii kwa nini mkono wako unaliandika kila mara.

La tatu ni jibu la swali la kukana. "Hukumwona?" "Ndiyo, sikumwona." Kwetu "ndiyo" inakubaliana na alichosema muulizaji. Kwa Kiingereza "yes" na "no" hufuata jibu lenyewe: "No, I didn't see him." Ukijibu "Yes" peke yake, mwenzako ataondoka akiamini ulimwona. Kutoelewana kwa namna hiyo kunaweza kuleta hasara, na katika vitabu vingi huwa ni mstari mmoja uliojificha.

Ongeza "borrow" na "lend", ambavyo kwetu vinaweza kubebwa na kuazima kulekule, ndipo mtu anasema "Borrow me your pen". Ongeza "he" na "she" mbele ya "yeye" isiyojali jinsia. Na sasa angalia tena "suggested me": kiambishi "-ni-" katika "alinishauri" ndicho kilichoingia kwenye sentensi ya Kiingereza kwa mlango wa nyuma.

Vipo vitabu vilivyojaribu kuliziba pengo hili. Learner English, kilichohaririwa na Michael Swan na Bernard Smith mwaka 1987 kwa ajili ya walimu, kina sura kwa kila kundi la lugha, na mojawapo inahusu wasemaji wa Kiswahili. Ni sura fupi, hata hivyo, na mwalimu ndiye aliyelengwa. Kwa mwanafunzi, daftari lake mwenyewe linaweza kufanya kazi kubwa: upande mmoja sentensi ya Kiswahili aliyokuwa anaifikiria, upande wa pili alichoandika, chini yake alichosahihishwa. Baada ya kurasa chache utaona makosa yako ni machache kuliko ulivyodhani, yanajirudia tu.

Toleo, na upande wa bahari

Kuhusu miaka ya matoleo sitakaa sana. Kiini cha sarufi hakibadiliki kwa muongo mmoja, na toleo la zamani la kitabu kizuri ni bora kuliko toleo jipya la kitabu kibovu. Ukikuta kitabu kinakushurutisha kusema "I shall" na "you will" kana kwamba kuna polisi mlangoni, jua kimezeeka. Ukikuta kinakataza "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia, vilevile.

Uingereza na Marekani hutofautiana kidogo katika sarufi kuliko watu wanavyohofu. "Gotten", "Did you eat yet?" mbele ya "Have you eaten yet?", na mengine ya kiasi hicho. Kitabu makini huweka alama kila yanapotokea. Kisichoweka alama hukuacha ukidhani umekosea wakati umevuka bahari tu.

Na sentensi yetu? Kamusi ya wanafunzi imeshatupatia njia mbili: "He suggested waiting" na "He suggested that I wait". Ya kwanza haisemi nani atasubiri. Huenda ni wote wawili. Ukitaka iwe wazi kwamba ni wewe, chukua ya pili. Hapo msomaji makini atauliza kwa nini "wait" wakati "suggested" iko wakati uliopita, na kwa nini ikiwa ni mtu mwingine watu huandika "He suggested that she wait", bila "s". Kamusi haitalimaliza hilo. Kitabu cha marejeo cha Swan kitakueleza kwamba ni umbo la kitenzi lisilobadilika, ambalo Wamarekani hulitumia zaidi, na kwamba Waingereza wengi husema "should wait". Ukiuliza zaidi ya hapo, kwamba umbo hilo lilitoka wapi na kwa nini linafuata vitenzi vya kupendekeza na kudai, ndipo sasa umestahili kukibeba kile chenye kurasa 1,779.